Zege la gari kwenye slabu yangu: zege lenyewe nyota nne, usafiri nyota mbili

Nimekaa na hii rivyu zaidi ya mwezi makusudi kabisa, maana zege huwezi kulisifia siku ileile limemwagwa, siku hiyo kila zege ni zuri. Sasa majibu ya siku 28 ya maabara ninayo, mirunda imetolewa, nimepita juu na chini na nyundo nikigonga kona hadi kona, kwa hiyo naweza kuongea. Jina la kampuni siweki kwa sababu kuna malalamiko humu ndani na tumeshakaa nao tukayamaliza, ila huduma ni ileile utakayoikuta popote, kiwanda kinachanganya zege, kinapakia kwenye lile gari lenye pipa linalozunguka, gari linakuja saiti linamimina linaondoka.

Kazi ilikuwa slabu ya ghorofa ya kwanza, mita 10 kwa 8, unene sentimita 15. Hiyo ni mita 12 za ujazo, na mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kama kilo 2,400, kwa hiyo tulikuwa tunapandisha karibu tani 29 juu ya mbao na mirunda. Msingi na jamvi la chini, yaani sakafu ya zege ya chini, tulichanganya wenyewe, machepe na miksa ndogo, fundi wangu anatumia rashio ya 1 kwa 1.5 kwa 3, yaani saruji moja mchanga moja na nusu kokoto tatu, na kwa rashio hiyo kila mita ya ujazo inakula kama mifuko 8 ya kilo 50. Piga hesabu ya slabu nzima, ni mifuko karibu 100 ifunguliwe, ipimwe, ichanganywe, ipandishwe, siku moja bila kusimama. Watu wangu wasingeweza, na sikutaka wajaribu. Ndo nikaagiza gari.

Nianze na oda maana hapo walinifurahisha. Dada aliyepokea simu hakuniuliza tu "unataka mita ngapi", aliniuliza nguvu ya zege, saizi ya kokoto, ulaini ninaotaka, na kama tutatumia pampu au chuti, ule mfereji wa gari wa kumiminia. Mimi mchoro wa injinia ulisema C25/30. Wengi wanaona hizo namba mbili wanadhani ni makadirio, kwamba zege litakuwa kati ya 25 na 30. Hapana. Ni zege lilelile limepimwa kwa maumbo mawili, ya kwanza ukipima silinda na ya pili ukipima kyubu, na kyubu siku zote inasoma juu kidogo. Namba yenyewe ni nyutoni kwa milimita mraba. Ili uione vizuri, chukua kyubu ya zege sentimita 15 kila upande, iweke kwenye mashine, ikifika 30 maana yake imebeba karibu tani 69 kabla haijapasuka. Kipande unachobeba kwa mikono miwili! Mimi hii kitu bado inanishangaza kila nikiiwaza.

Kokoto tukachukua zisizozidi milimita 20 kwa sababu nondo zetu zimekaribiana, na chini ya nondo tuna nafasi ya milimita 25 tu hadi kwenye mbao. Kokoto kubwa ingekwama juu ya nondo, chini kukabaki mchanga na saruji tu au tundu kabisa.

Sasa kabla sijaingia kwenye siku ya kumwaga niseme jambo moja maana bila hilo malalamiko yangu hayataeleweka. Zege halikauki. Najua wote tunasema "limekauka", hata mimi nasema, lakini kinachotokea ni saruji kukutana na maji na kugeuka kitu kingine kabisa, ni mmenyuko wa kikemia na unatoa joto, ukiweka mkono juu ya msingi mnene siku ya pili unausikia. Ndio maana zege linashika hata chini ya maji. Mchanga na kokoto hazifanyi chochote hapo, zimekaa zinajaza nafasi na kubeba mzigo, gundi ni saruji na maji. Na gundi hiyo inahitaji maji kidogo sana kuliko tunavyodhani, ukichukua mfuko wa kilo 50 maji ya kumaliza kazi yote ya kikemia ni kama lita 20 hivi. Yanayozidi hapo ni ya kulainisha tu ili litembee, na yakishatumika kulainisha hayana pa kwenda, yanabaki ndani, yanakuja kutoka taratibu na kuacha vitundu vidogo vidogo usivyoviona kwa macho. Vitundu vikiwa vingi, nguvu inashuka na maji ya mvua yanapata njia hadi kwenye nondo. Hili la nguvu kutegemea maji kwa saruji halijaanza jana, Mmarekani Duff Abrams alilionyesha tangu 1918 na hadi leo ndo msingi wa kila mchanganyo.

Basi gari la kwanza likaja saa moja na nusu asubuhi, mita 6. Delivari noti imeandikwa kila kitu, saa ya kupakia, saruji kilo 350 kwa mita, maji lita 175 kwa mita, gawa maji kwa saruji unapata 0.5 safi. Na gari likaja na fundi wa maabara, kijana mmoja mtulivu, na huyu ndo sababu ya mimi kuandika rivyu ndefu hivi. Kabla hata tone halijaenda juu alitoa koni ya chuma, ile ya sentimita 30 kwenda juu, chini pana sentimita 20, juu sentimita 10, akaiweka kwenye bamba, akajaza kwa tabaka tatu na kila tabaka anadunga mara 25 na ufito wa chuma, anadunga kwa mpangilio kuanzia pembeni kuja katikati kama mtu anayefanya ibada. Akasawazisha juu, akavuta koni taratibu kwenda juu moja kwa moja. Zege likashuka, likakaa kama keki iliyoinama kidogo. Akageuza koni akaiweka pembeni, akalaza ufito juu yake, akapima kutoka kwenye ufito hadi kichwa cha zege. Milimita 110. Tuliagiza 100, iko ndani ya kiwango. Muda wote huo dakika tatu. Mimi nimejenga mara kadhaa na sikuwahi kuona mtu akipima ulaini wa zege, siku zote ni fundi anachota kwa chepe anaangalia anasema "hili sawa".

Akajaza na kyubu sita, akaziandika namba na tarehe, tatu za kupasua siku ya 7 na tatu za siku ya 28.

Gari la kwanza lilienda vizuri mno. Zege lina rangi moja mwanzo hadi mwisho, kokoto zimefunikwa zote, hakuna sehemu ya mchanga mtupu wala maji yanayotiririka peke yake. Ukilinganisha na la kwetu la chepe, ambalo karai hili zito karai lile maji, ni mbingu na ardhi. Na hii sio kwa sababu mafundi wetu wabaya, ni kwa sababu mchanga unadanganya. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo unavimba, ndoo ileile inaweza kuwa na mchanga pungufu kwa robo nzima, halafu unyevu huohuo unaongeza maji ambayo hukuyapima. Kiwandani wanapima kwa kilo na wanakata maji yaliyomo mchangani. Saiti tunapima kwa ndoo na macho.

Sasa tatizo. Gari la pili lilitakiwa lifike lile la kwanza likiwa linamalizia. Tukamaliza, tukasawazisha, tukasubiri. Nusu saa. Dakika 50. Napiga simu naambiwa "liko njiani", na jamani neno hilo ukiwa umesimama pembeni ya zege linaloshika ni neno gumu sana kulisikia. Kwa sababu zege ukilisimamisha katikati ya slabu, pembeni pale linapoanza kushika halitaungana na jipya litakalokuja, linabaki kama mstari, mafundi wengine wanauita kiungo baridi, kwa macho utaona ufa mwembamba ulionyooka na maji yatapita hapohapo. Fundi mkuu wangu Mungu ambariki alikuwa ameshawahi kupatwa na hilo, akachukua magunia akayalowesha akafunika ukingo wote, na akaacha ukingo wenyewe na mteremko badala ya kuukata wima.

Gari likafika dakika 110 baada ya kupakiwa, nimeangalia kwenye noti. Kanuni iliyozoeleka miaka mingi ni dakika 90 tangu maji yakutane na saruji hadi zege limiminwe. Na kabla sijamaliza kusoma noti nasikia maji yanalia. Dereva ameshafungua mpira wake, anamimina kwenye pipa.

"Kaka, funga maji!"

"Bosi zege zito hili, halitapita kwenye pampu, naweka kidogo tu lilainike."

Akafunga, lakini mstari kwenye kioo cha tangi ulikuwa umeshashuka kama lita 40. Na alikuwa anataka kuendelea, alisema kwa kawaida wanaongeza "mpaka likae vizuri", kama lita 200 hivi. Hebu tuipige hiyo hesabu pamoja. Mita 6 zina saruji kilo 2,100 na maji lita 1,050. Ongeza 200 unapata 1,250, gawa kwa 2,100 unakuta 0.6 kasoro. Umeagiza zege la 0.5, umelipia zege la 0.5, linamiminwa la 0.6 na hakuna karatasi itakayoonyesha. Ukiwa chini huoni tofauti, tena linaonekana zuri zaidi, linateleza, vijana wanafurahi, uso unakuwa laini kama kioo. Utamu wa maji ni huo na ndo unaotuponza, zege linalopendwa na mwenye chepe na zege linaloshika sana ni vitu viwili tofauti. Dereva sio mtu mbaya, aliniambia kwa upole kabisa, naamini ndivyo alivyofundishwa. Lakini mpira ule kwangu ungefungwa kwa kufuli tangu kiwandani na ufunguo akae nao fundi wa maabara.

Na hapo yule kijana mtulivu ndo akaonyesha kazi. Akapima koni, milimita 70. Akamwambia dereva asiguse kitu, akapiga simu kiwandani akaongea na mkuu wake, halafu akachukua dumu la dawa ya kulainisha, plastisaiza, akapima kwa jagi lenye mistari, akamimina, akaamuru pipa lizunguke kwa kasi dakika tano. Akapima tena. 120. Bila tone la maji! Nilimuuliza inafanyaje akanieleza kwamba chembe za saruji zikiwa kwenye maji zinashikana makundi makundi na kufungia maji katikati yao, dawa inazifanya zisukumane, yale maji yaliyofungwa yanaachiwa na zege zima linalainika. Maji yaleyale, yamefunguliwa tu. Akajaza kyubu nyingine sita za gari hili peke yake na kwenye fomu yake akaandika "maji yameongezwa saiti, lita 40". Hakuficha. Mtu wa kampuni anaandika kosa la kampuni yake, hilo nalipa heshima kubwa.

Ukingo wa magunia tulipoufunua ulikuwa bado unaingia kidole kwa kubonyeza. Vibreta, ile mashine ya kutikisa zege ili hewa itoke, tukaizamisha kwenye jipya hadi iguse la zamani ili yashikane. Na kuhusu vibreta nawaomba sana msiibanie kwenye bajeti, zege lililobaki na hewa asilimia 5 tu linaweza kupoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Ila pia usiizamishe ukaisahau, ukizidisha kokoto zinazama na uji unapanda juu. Ukiona mapovu makubwa yameisha na uso umeanza kung'aa, toa taratibu, hamia pembeni.

Kumwagilia sio kazi ya kampuni lakini naligusa kwa sababu mtu anaweza kununua zege bora akaliua mwenyewe. Jioni ileile tulifunika nailoni maana kulikuwa na upepo, na upepo kwenye zege bichi unanyonya maji ya juu haraka kuliko yanavyopanda kutoka chini, ndo unaona zile nyufa nyingi fupi za siku ya kwanza. Asubuhi tukazungushia tuta la mchanga pembeni tukajaza maji slabu nzima kama bwawa. Siku 7 ndo chini kabisa, mimi nimeweka 14. Kumbuka tulichosema, halikauki, linaendelea kula maji, likikosa linaishia lilipofika. Maji kwenye pipa yalikuwa sumu, maji juu ya zege lililoshika ni chakula.

Majibu sasa. Gari la kwanza wastani wa siku ya 7 ulikuwa 27, siku ya 28 ukawa 37. Gari la pili siku ya 7 ilikuwa 25, siku ya 28 ikawa 34. Yote yamevuka 30 kwa hiyo slabu iko salama, injinia amesaini na nimelala usingizi. Lakini angalia ile tofauti ya 3. Zege moja, kiwanda kimoja, asubuhi moja, na mimi sina shaka sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni zile lita 40. Sasa jiulize zingekuwa 200.

Chini baada ya kutoa mbao nimekuta sehemu moja kwenye bimu ina matundu kama sega la nyuki, upana wa kiganja, hiyo ni vibreta yetu haikufika kwenye makutano ya nondo nyingi, kampuni haihusiki. Tumechokonoa yote legelege tukaziba. Mstari wa kiungo nimeutafuta kwa tochi kwa juu, upo unaonekana kwa rangi kidogo, lakini nimesimamisha maji siku tatu na chini pakavu kabisa.

Nyongeza kwa wanaofikiria. Kama kazi yako ni ndogo, mita moja au mbili, gari halina maana, changanya mwenyewe ila pima maji kwa ndoo yenye alama, lita 25 kwa mfuko na usizidishe, na mchanga uujaribu kwanza, weka kwenye chupa na maji, tikisa, acha utulie, ukiona tabaka nene la tope juu rudisha huo mchanga. Angalia pia njia ya kufika saiti, mita 6 za zege ni zaidi ya tani 14 na hapo bado gari lenyewe. Na gari bora haliokoi nondo mbaya. Zege linabeba sana ukilikandamiza lakini ukilivuta linakatika kwa kama sehemu ya kumi tu ya nguvu hiyo, na slabu ikibeba mzigo upande wa chini ndo unaovutwa, kwa hiyo nondo kuu zikae chini na ziinuliwe kwa vitofali vidogo, zisilale kwenye mbao. Vijana wakimwaga wanazikanyaga, weka mtu wa kuziangalia hizo tu.

Alama zangu: zege nyota nne, lingekuwa tano kama gari la pili lingefika kama la kwanza. Huduma ya simu nne. Fundi wa maabara tano, na kama zingekuwa sita ningempa. Usafiri mbili, kwa kuchelewa na kwa ule mpira. Nilienda ofisini na noti zote mbili na majibu, nikakaa na meneja, hakubisha, alisoma fomu ya kijana wake akaomba radhi. Slabu ya juu naagiza kwao tena, ila safari hii gari la kwanza likifika nusu ya kumimina mimi ndo napiga simu la pili lipakiwe, na maji hayaguswi bila saini ya fundi wa maabara, yote mawili wameyaandika kwenye oda.